Uliondoka Moto Haujawashwa

Mdogo wangu, mke mwenzangu,

Mtu mzima anaondokaje kwake asubuhi bila kuaga? Hata kuku akitoka bandani hupiga kelele. Wewe ulijitanda kanga, ukapanda nyuma ya baiskeli ya kaka yako, mkaenda zenu Sibwesa. Mimi nikatoka kwangu na bakuli la uji, naita jina lako mbele ya mlango ulio wazi, kama mwendawazimu. Uji ule niliunywa wote mwenyewe kwa hasira, na haukuwa na sukari.

Barua hii sijaifunga. Atakayeipokea Magamba aisome, atakayelala nayo Shanwe aisome, na kaka yako aisome kwa sauti, watu wa nyumba yake wasikie. Mwandiko ni wangu. Kisomo cha watu wazima nilikaa mpaka mwalimu akachoka yeye. Anayeona herufi zangu ni kubwa kupita kiasi afumbe jicho moja.

Sasa sikiliza.

Siku hizi nikikaa kwenye kigoda changu mchana, jua likiwa limelala juu ya maji, mto unanirudisha nyuma bila kuniuliza. Naona nyumba za bati zinayeyuka moja moja. Mashine ya kusaga inanyamaza. Shule inarudi kuwa majani. Daraja linarudi kuwa magogo, magogo yanarudi msituni yalikokatwa, na mwisho tunabaki watatu ukingoni: mzee wetu, mimi na wewe, mizigo kichwani, miguu imevimba. Hakuna sauti ila nyuki.

Ilikuwa miaka ile redio ilipoanza habari za vyama vingi, na mzee wetu akasema chama chake yeye ni nyuki. Akatutoa kwenye kile kijiji cha barabarani tulikorundikwa zamani kama magunia, akatuleta huku kwenye kambi yake ya kurina asali. Aliniambia kuna nyumba. Nyumba gani? Kibanda cha magome kilichoegemea upande mmoja kama mlevi anayesubiri kusindikizwa. Nilimwambia, "Baba, hapa nyuki ndio wenye nyumba. Sisi tumekuja kupanga." Akacheka, akaenda kuangalia mizinga yake.

Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umelala mtoni kama maziwa ambayo mtu ameyasahau. Wewe ulikuwa msichana bado, shingo ndefu, akili iko kwingine siku zote. Ukaingia majini mpaka vifundoni, ukasimama. Nikakusubiri na ndoo, wapi. Ukageuka ukasema, "Dada, mahali hapa panapumua."

Nikakujibu, "Panapumua mbu. Chota maji tuondoke, viboko hawana salamu."

Lakini neno lako lilinikaa. Mpaka leo asubuhi nikitoka naangalia kama panapumua. Panapumua.

Viberiti vyetu vyote vilikuwa vimelowa tulipovuka. Mzee akakata kijiti na kibao, akatuonyesha kupekecha moto kama warina asali wa zamani. Mimi nilikanyaga kibao, wewe ukasugua kijiti kwa viganja. Viganja vyako vilielewa siku ileile. Vyangu havijaelewa mpaka sasa, na sitaki kufundishwa. Moshi ukatoka mwembamba kama uzi, ukaupulizia kwenye majani makavu, taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto siri. Moto ule tukaugawa majiko mawili, la kwangu na la kwako. Moto mmoja. Mzee akasema, "Kuanzia leo hapa ni kwa watu."

Wewe unajua ilivyo kwetu Wakonongo, lakini nawaambia wanaosoma njiani. Anayekuja kujenga mahali haji na moto wake. Anaomba kwa waliotangulia, kaa moja kwenye kigae, analipeleka nyumbani kwake, na hapo ndipo anakuwa mwenyeji. Na anayetoa ni mke mkubwa. Ndiyo kusema mimi. Ndugu za mzee walipokuja na mizinga yao niliwapa wote, baada ya kuwauliza maswali yangu. Wewe ulisema nawahoji kama polisi wa stesheni. Sawa. Moto si karanga za kumwagia kila anayepita.

Halafu akaja Masanja.

Unaiona siku ile? Mimi naiona kama ndoto ya homa. Vumbi jekundu limesimama juu ya miti, kengele, miluzi, halafu pembe, pembe, pembe, zinashuka mtoni pale pale tunapochota maji ya kunywa. Msukuma mrefu nyuma yake, fimbo mabegani, amefuata majani kutoka kwao kaskazini na wake na watoto na kila kitu. Nilishuka na mwiko mkononi.

"Wewe baba, ng'ombe wako wanatuharibia maji."

"Wanakunywa tu, mama. Mto hawaubebi."

"Wataubeba tumboni."

"Basi watautoa mbele huko," akasema, na watoto wake wote wakacheka.

Alasiri mtu huyohuyo akaja na kigae, kofia mkononi, anaomba moto. Nikamwambia moto wangu umelala, akaombe kwingine. Kwingine kuko wapi? Msitu mtupu mpaka Tabora. Akaondoka na kigae chake kitupu, na wewe ukazunguka nyuma ya nyumba yako na kaa chini ya majivu. Ulidhani sioni. Mimi hata leo macho yangu mabovu haya yanakuona.

Nilikufuata jikoni kwako. "Umempa moto mtu tusiyejua hata ukoo wake."

Ukaendelea kuchambua mboga. Ukasema, "Dada, mtu akiomba moto ameshaamua kukaa. Ukimnyima atakaa vilevile, ila atakaa na baridi, na baridi hiyo itakuwa yako na yake."

Hatukusemeshana mpaka mahindi yakatoa ndevu. Na bado nasema ng'ombe wale walikuwa wengi mno. Ila mwaka ule jua lilipochoma mashamba yote, tulikula mgando wa maziwa ya Masanja, mimi na watoto wangu, na siwezi kuutapika leo.

Tena nani aliyetenganisha mto? Wanaume walikaa kikao, wakamaliza karanga zangu, wakatawanyika bila neno. Wewe ulichukua jembe, ukaenda chini kule kwenye jiwe kubwa, ukaanza kuchimba njia ya ng'ombe kushukia, peke yako, jua la utosi. Masanja alikutazama kutoka ng'ambo. Mwanamke anawachimbia ng'ombe wake njia. Aliona aibu, akavuka na jembe la pili. Tangu siku ile juu ni maji ya kunywa, katikati ni kufulia na kuoga, chini ya jiwe ni mifugo. Mtendaji aliyekuja juzi na suruali ya kupigwa pasi aliuliza nani alipanga vizuri hivi. Wanaume wakanyoosha shingo. Nikawaambia, "Tulieni. Aliyepanga yuko Sibwesa anammenyea kaka yake viazi."

Huyo mtendaji ndiye anatuandikisha tuwe kijiji kamili. Jina ni lile lile lililokuwa midomoni mwa watu, Asalini. Mzee angefurahi, angejifanya hajali.

Mama Nestori naye. Huyu nikimkumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanakuja kuniangalia. Alitoka kwenye makazi ya Warundi na watoto wake, godoro moja na Biblia, akajenga juu kidogo ya mto. Asubuhi alinipitia akasema, "Mwaramutse." Sikujua ndiyo salamu yao ya asubuhi, nikajibu, "Na wewe," nikaendelea kufagia. Alikuwa na kiberiti chake kikavu. Akawasha moto wake, akapika maharage yake, akangoja majirani.

Hakuna aliyeenda. Watu wakawa wanapita mbali na nyumba ile kama kuna msiba. Hawakuwa na chuki. Nyumba ilikuwa haijachukua moto, sasa utaingia vipi ukale? Kila mtu alijua, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyemwambia. Mama wa watu akajua amechukiwa kwa sababu ya kwao. Ukamkuta mtoni analia huku anafua, machozi na sabuni.

Wewe sasa, na maneno yako machache hayo, badala ya kumweleza ukapanda moja kwa moja mpaka nyumbani kwake na ndoo ya maji, ukaingia, ukamwaga jikoni. Moto chaa. Maskini akapiga yowe, akijua umekuja kumfukuza. Watoto wakakimbilia kwenye mihogo. Yule Nestori, kitu kidogo kama panzi, akakurukia mguu akakung'ata. Nilisikia kelele nikapanda mbio, nikakukuta unachechemea, unasema, "Ngojeni, ngojeni, nakuja." Ukarudi na kaa kutoka jikoni kwako. Ukalitia kwenye mafiga yaliyolowa, ukapiga magoti ukapuliza mpaka macho yakawa mekundu.

"Sasa pika," ukamwambia.

"Nipike nini, dada? Umeyamwagia maji maharage."

Tulicheka mpaka tukashikana. Jioni nyumba ile ilijaa watu hata pa kuweka mguu hakuna, na kila mmoja kaja na chakula. Masanja alikula chakula cha watu wanne.

Halafu sijui wengine walikujaje. Nilikuwa nikiinama kupalilia, nikiinuka naona paa jipya. Akaja kinyozi na kioo chake kilichopasuka. Ikaja mashine, tukaacha kutwanga, na mikono yetu ikakosa kazi kama wageni. Likaja duka. Watoto wakawa wanasomea kwenye banda la udongo lililofuka vumbi, leo wana madarasa na kengele, rimu ya gari imetundikwa. Wakaja wa kanisa, wakaja wa msikiti, wote wanaoga mto mmoja. Mvua zile kubwa zikaja nazo, zikachukua daraja la magogo na mpunga na choo cha mwenyekiti kikiwa kizima, kikaelea kwa heshima mpaka kwenye kona. Tukajenga upya. Mimi nilikuwa natoa ruhusa kwa sauti kubwa, wewe unatoa moto kimyakimya. Mji ukakua hivyo, kwa mdomo wangu na mkono wako.

Mzee wetu alitutoka mvua hizo zilipokoma. Mambo haya sitayarefusha. Aliuliza kama mizinga ya juu imepona, ukamwambia imepona, na wala hukuwa umeiona. Ulifanya vizuri.

Tukazima moto wa majiko yote mawili kama inavyotakiwa mwenye kaya akifa. Tukatoa majivu, tukamwaga njia panda. Matanga yakianuliwa, wajane wa kaya wanawasha moto mpya, unaogawiwa tena kama ule wa kwanza. Tulianua matanga jioni. Tukasema, tumechoka, tutauwasha kesho. Ile kesho ndiyo uliyopanda baiskeli.

Najua kaka yako alisema nini, maana alisema uani kwangu, na mimi si kiziwi. "Dada, hapa huna mtoto. Mzee amekufa. Unakaa kwa nani?" Nilimwambia anyamaze, ukaniambia wewe, "Muache, Dada, anasema kweli."

Kweli gani?

Nani aliyekung'ata mguu akalelewa kwa moto wako mpaka akaota ndevu? Mashavu ya watoto wa Masanja yamejazwa na nani? Kuna nyumba ngapi mtoni hapa ambazo mimi nilisema "hapana" na wewe ukasema "ngojeni, nakuja"? Watoto wangu wenyewe niliwazaa nikaenda shamba, mgongo waliolalia ni wako, na wakiumwa hata sasa na ndevu zao wanaulizia Mama Mdogo yuko wapi. Mwanamke amezaa mji mzima, halafu mtu wa baiskeli anamwambia hana mtoto, naye anaitikia. Nina hasira na yeye, lakini wewe ndiye nitakayekuchapa.

Sasa nikwambie kilichoko hapa, maana ndicho kinachonikosesha raha.

Tangu ulipoondoka napikia moto wa kiberiti. Unaivisha ugali, siwezi kusema uongo. Lakini ni moto wa mtu mmoja, siwezi kumpa mtu. Nimejaribu kupekecha. Nilikanyaga kibao kwa mguu, nikasugua kijiti kwa viganja, mgongo umekunjika kama ndoana. Kikatoka moshi kidogo wa kunidhihaki. Nikamwita binti yangu anisaidie, akasema, "Mama, huu si wenu wawili?" Nikamfukuza kwa sababu alikuwa sahihi.

Na Kulwa wa Masanja anaolewa. Anaolewa na Nestori. Ndiyo, huyohuyo panzi, sasa fundi, amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma ng'ambo ya daraja, ina madirisha manne na rangi ya bluu ambayo sikuulizwa. Baba yake Kulwa na mama yake Nestori wameshakubaliana, Masanja amesali kwa Kirundi na Mama Nestori amekunywa togwa ya Kisukuma akasema ni tamu, Mungu amsamehe. Nyumba imekwisha. Haina mtu. Watoto hawa wanaikwepa kila siku wakipita, kama ni ya wengine.

Kulwa alikuja, akapiga magoti. "Bibi, tunaomba moto."

"Kiberiti hakipo dukani?"

"Kipo. Baba amesema nyumba ya kiberiti haina mwenyewe."

Nikamwambia sina wa kumpa. Masanja aliposikia akaja hapa mbio na fimbo yake. "Mama, ulininyima mimi moto. Leo unamnyima binti yangu. Niambie tu mapema, nimwandae na mjukuu wangu."

"Safari hii sinyimi," nikamwambia. "Sina."

Akanitazama, akakaa chini. Sisi wazee wawili tulikaa tunaangalia maji yanavyokwenda, na nilisikia kama tumekaa tangu zamani sana, kabla ya ng'ombe, kabla ya nyuki. Halafu akasema polepole, "Yule mdogo wako alinipa kaa kubwa sana siku ile. Liliniunguza." Akanionyesha kiganja. Hakuna alama yoyote. Alikuwa anaitafuta.

Mvua ziko karibu. Upepo umeshageuka, asubuhi mto unanuka udongo. Zikianza nyumba ile haijawashwa moto, Kulwa ataingia kwa kiberiti, atafanyaje? Na baada yake wote wataingia kwa kiberiti. Hawatakufa. Watapika, watazaa, watagombania mipaka. Lakini hakuna atakayekuwa ameomba kitu kwa jirani ili aanze kuishi, na mji wa hivyo ni stesheni. Mimi sikuvumilia mbu wote wale ili nife stesheni.

Nimewaza nani akufuate. Nestori alitaka kuja, nikamkatalia. Mtoto hamfuati mama, mama ndiye humfuata mtoto. Wanangu ningewatuma, lakini utawapikia, utawapa kuku, utawaambia "nitafikiria", watarudi wameshiba. Nakujua.

Unajua wanaume wanavyofanya mke akirudi kwao. Anakwenda mwenyewe, na kuku na jembe jipya. Hapandi barazani. Anakaa chini, uani, juani, wakwe wanapita wanamuangalia, wanamwachia vumbi, mpaka atokee mkubwa wa nyumba amuulize. Mzee wetu alishawahi kukufuata hivyo mwaka wa kwanza, ukarudi unatabasamu, mimi nikajifanya nachambua mchele.

Mzee hawezi tena. Basi nakuja mimi. Jogoo nimemfunga miguu, anatukana hapa mlangoni. Jembe limeshatiwa mpini. Barua inatangulia na watu wa lori la mbao, mimi nafuata nyuma, na magoti yangu haya yanavyolia nitachukua muda, msinicheke. Nitakaa uani kwa kaka yako, chini, kwenye vumbi, na kanga yangu safi. Sitakubali kigoda. Wala maji sitakunywa.

Kaka yako atatoka, ataniuliza, "Bibi, umefuata nini?"

Nami nitamjibu wanavyojibu wanaume: "Nimemfuata mke wangu."

Kaa salama mpaka nifike, na usithubutu kwenda shamba siku hiyo.

Mkubwa wako,
wa jiko la jirani, Asalini